Hondohondo wa Kuachwa Nje ya Hesabu

Haya niliambiwa na wifi yangu Namkunda, dada wa marehemu mume wangu, tukichambua maharage barazani kwangu, vuli ile mvua ilipochelewa hata kumbikumbi wakaruka kabla yake. Yeye alikuwamo tangu mwanzo. Mimi yalipotokea nilikuwa Same kwa binti yangu aliyejifungua, kwa hiyo ninayoandika ni ya kwake, na hasira iliyomo ni ya kwake pia, ingawa sasa nayo imekuwa yangu.

Miaka hiyo misitu yote ya milimani ilikuwa imeshikwa na Shirika la Uhai. Walikuja Ivuga watu wapole, wenye viatu safi, wakaomba watu wa kujitolea wawahesabu ndege hondohondo wanaotaga. Hawakumlazimisha mtu. Mkubwa wao, bwana Rweyendera, alisimama mbele ya ghala la kahawa akaeleza sheria kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Msitu wenye viota unalindwa. Msitu usio na viota ni msitu mtupu, nao unafyekwa upandwe miti ya moshi.

Miti ya moshi tulikuwa tunaijua. Walioipanda Mzindo, kijiji cha ng'ambo, walisema inakunywa moshi wa mijini, na ni kweli inaunywa, lakini inakunywa na maji. Chemchemi za Mzindo zilikauka zote, na watu wa kule siku hizi wanasubiri maji ya kwenye mapipa kama wagonjwa wanavyosubiri uji. Kwa hiyo watu waliposikia kwamba ndege ndio watakaotuokoa, walitaka wahesabiwe hata jana.

Namkunda alijitolea. Na Sengondo naye, mdogo wa mume wake, mjane kama yeye, mtu wa utani mwingi na kazi kiasi. Kila mmoja alipewa upande wake wa msitu na kichupa cha tone.

Tone lenyewe Namkunda alinieleza hivi, nami naeleza nilivyoelewa. Unalitia jichoni asubuhi, linawasha kama kitunguu, kisha unasahau kwamba lipo. Ukikitazama kitu na kutamka "mmoja", basi kule pwani ofisini kwao kitu hicho kinaonekana, na mahali kilipo panajulikana, kabla hujafunga kinywa. Usipotamka halioni kitu. Wenyewe walijisifu kwamba hii ndiyo heshima waliyotupa, kwamba macho yanabaki yetu mpaka tuseme.

Anayemtafuta hondohondo anayetaga hamtafuti jike, maana jike haonekani. Dume humeza udongo, akaja kumtapikia vidonge mlangoni pa tundu la mti, na jike anaupaka udongo ule kwa ndani, anajiziba mwenyewe mpaka unabaki ufa wa kupitisha ncha ya mdomo. Humo anataga, humo analalia mayai, humo manyoya yake yanapukutika. Wiki nenda wiki rudi anakula anacholetewa. Dume akifa njiani, naye amekwisha. Kwa hiyo unamfuata dume mwenye koo lililojaa matunda ya mkuyu, unaona anaposhuka, unautafuta ufa, unasema "mmoja".

Namkunda alifanya hivyo asubuhi baada ya asubuhi, umande ukimlowesha khanga hadi magotini. Alipofika kwenye mti mkubwa wa mkulo ulio juu ya chemchemi ya Kanju, aliona ufa, akaona ncha ya mdomo ikitoka na kurudi. Akafunga kinywa, akapita.

Haikuwa ujanja. Sisi Ivuga chenye pumzi hatukihesabu kikaisha. Mama akiulizwa ana watoto wangapi, anapunguza mmoja. Anayeingiza mbuzi jioni, wa mwisho anampitisha mlangoni huku ametazama pembeni. Aliyehesabu vyote amevikabidhi. Ndivyo walivyotufundisha waliotulea, na hawakutuambia amemkabidhi nani. Namkunda aliniambia, "Wifi, sikujua nalinda nini. Ilikuwa adabu tu, kama kuvua viatu."

* * *

Vipanga vilikuja asubuhi moja Namkunda akiwa anakatia ng'ombe majani. Hizo ni mashine za Shirika. Jina la kipanga tulizipa sisi, kwa jinsi zinavyotulia juu kabla ya kushuka. Ziliruka moja kwa moja mpaka kwenye miti iliyotamkwa, wala hazikutafuta. Misumeno ilikata juu ya tundu, ikakata chini ya tundu, kama mtu anavyokata pingili ya muwa, na kila kipande kikanyanyuliwa na jike wake ndani, kimezibwa vilevile, kikapelekwa pwani.

Kipanga kimoja tu ndicho kilichochelewa. Nakijwa, mke wa fundi baiskeli, alikuwa chini ya mti mmojawapo na mzigo wake wa kuni kichwani, na woga ulimgandisha. Kipanga kilining'inia juu yake kikivuma, hakikushusha msumeno. Kilikaa hivyo mpaka mikono ya Nakijwa ikafa ganzi. Alipotupa kuni na kukimbia, hakuwa amefika njiapanda aliposikia mti unakatwa.

Namkunda alipanda msituni, Sengondo nyuma yake. Walikuta dume limetua juu ya kisiki. Lilikuwa limetoka mbali, koo limejaa. Likaangalia mahali palipokuwa na tundu, likainamisha mdomo, likatoa tunda. Likasubiri. Likatoa lingine. Lilipoondoka, juu ya kisiki palikuwa na matunda yamepangika, na unga wa msumeno umeyaganda.

Sengondo, ambaye hakuna msiba alioshindwa kuutania, alisema tu, "Shemeji, hii ndiyo ile hesabu yetu."

Namkunda alimpigia simu bwana Rweyendera pale pale.

"Mama, wako salama," alisema. "Huku pwani kwenye Nyumba yetu ya Kioo joto haliwafikii. Huko kwenu mlima unazidi kuchemka, wangekufa wote. Mmewaokoa ninyi."

"Na madume?"

"Madume hayapo kwenye mpango huu, mama. Tunayo ya kutosha."

"Nilikupa macho yangu," Namkunda akamwambia. "Hukusema ni ya kuwindia."

"Ilikuwa kwenye maelezo ya kujitolea."

"Basi nisomee hayo maelezo. Nisomee hapa, na yeye akusikie." Akaielekeza simu kwenye kisiki, ambako dume lilikuwa limerudi na lilikuwa likilia ile sauti yao ya kama mtoto wa mbuzi aliyebanwa na mlango. Bwana Rweyendera alisikiliza kidogo, akakata.

* * *

Bwana Rweyendera alirudi Ivuga mwenyewe siku chache baadaye, na sasa alitaka kitu kingine. Kwa kuwa viota vyote vilivyohesabiwa vimehamishwa salama, alisema, imebaki waliojitolea wathibitishe kwamba msitu ni mtupu. Watembee naye, kisha mmoja wao atazame na kutamka "hakuna". Hapo shughuli imekwisha.

"Na miti ya moshi?" aliuliza Sengondo.

"Hilo ni la idara nyingine."

Namkunda alinieleza kwamba hapo ndipo damu ilipompanda. Mtu anakuibia kuku, kisha anakuja kukuuliza banda tupu unaliwekea nini. Lakini alikubali kutembea naye, maana alitaka kujua mwisho wa huyo mtu uko wapi.

Safari hii tone lilikuwa jipya, na lilionyesha pwani kila kitu mradi jicho liko wazi, utamke usitamke. Na lilisikia. Bwana Rweyendera aliwatia kwa mkono wake, taratibu, akawapa na kitambaa cha kujifutia.

Wakapita visiki, wakapita mikuyu. Walipokaribia Kanju, Namkunda akatazama miguu yake. Alijua kila jiwe la njia ile na siku hiyo alilitazama kila moja. Juu yao ikapita sauti ya mabawa, ule mvumo wao kama mtu anayekung'uta mkeka. Dume, koo limejaa, linaelekea mkulo.

Bwana Rweyendera alisimama. "Yule ana matunda."

"Mjane," alisema Sengondo haraka. "Mlimchukulia mke."

"Mjane anambebea nani?"

"Mazoea, bwana. Mimi mke wangu alikuwa mpenzi wa kisamvu. Amefariki, na mpaka leo nikienda gulioni narudi na kisamvu, nami sili kisamvu." Kisha akaketi katikati ya njia akilalamikia mwiba, akaunyosha mguu kwa bwana mkubwa autazame, na kwa kuwa bwana Rweyendera alikuwa mtu mwenye malezi, aliinama akautafuta. Mwiba haukuonekana. Dume lilikuwa limeshapotea.

Mbele ya ghala la kahawa, watu wakiwa wamesimama, bwana Rweyendera alimwambia Namkunda, "Sasa, mama. Geuka utazame msitu, useme."

Namkunda aliugeukia msitu. Neno lilikuwa dogo. Kinywa kikakataa.

"Nipe hadi kesho," alisema.

"Kuna tatizo?"

"Nimechoka. Umenitembeza mlima mzima, bwana, na umri wangu unauona. Nipe kesho."

Akampa.

Kabla jua halijazama Sengondo alimfuata jikoni, akamkuta ameketi na kitambaa kimefungwa machoni, anamenya ndizi kwa kupapasa. Naye pale mlangoni akafunga chake kabla hajaingia.

"Tunaonekana kama mbuzi wa kafara," alisema.

"Redio iko hapo, Sengondo. Ongeza sauti."

Aliongeza. Redio ilikuwa ikitoa kwaya. Akasogeza kigoda mpaka sikioni mwake.

"Uliacha mmoja," alisema.

"Niliacha."

"Kanju."

"Usitaje." Akaendelea kumenya. "Nikisema hakuna, wanafyeka, na chemchemi inakufa, na yule jike anafia ndani kwa sababu atakatwa na mti wake bila hata kujulikana yumo. Nikisema yupo, wanakuja kumkata wampeleke pwani, kisha wananiuliza tena, nami safari hiyo sitakuwa na cha kujibu. Midomo yangu wameifanya mlango wa kutokea wao tu. Niambie, wewe mwenye maneno. Nilikosa nini? Walisema njoo utusaidie, nikaenda."

Sengondo alichukua ndizi moja akamenya vibaya, akajikata kidole.

"Sheria yao inasemaje kifaranga kikitoka chenyewe?" aliuliza Namkunda.

"Alituambia siku ile ya kwanza. Kikiruka kutoka kiotani, msitu hauguswi mpaka hesabu nyingine, na hesabu nyingine ni ya watoto wetu." Akalamba kidole. "Lakini hakuna kitakachoruka. Kipanga kitakuja kabla."

"Nakijwa bado analia?"

"Analia. Hataki hata kuokota kuni. Anasema laiti angesimama."

Namkunda akaacha kumenya. Sengondo aliniambia baadaye kwamba alihisi amemgeuzia uso na kile kitambaa, kama anamtazama.

"Kwa nini hakikukata, shemeji? Alipokuwa amesimama?"

Sengondo alijua. Wote tulijua; ilitangazwa redioni. Kipanga kimoja huko kusini kilimkata mtu mkono, ikawa kesi kubwa, na tangu hapo vyote vimefungwa kifaa kinachosikia moyo wa mtu. Moyo ukidunda chini ya mti, msumeno haushuki. Hiyo ndiyo huruma yao. Moyo wa aliyemo ndani ya mti hawakukifunza kuusikia.

"Nenda kwa Nakijwa," alisema Namkunda. "Mwambie aje na mkeka."

* * *

Asubuhi bwana Rweyendera alimkuta Namkunda mbele ya ghala na Ivuga nzima nyuma yake. Walikuwa na mikeka, masufuria, mablanketi, mama mmoja amebeba hata kuku wake anayeatamia.

"Hawa wote wa nini, mama?"

"Wananisindikiza. Neno lako ni zito, siwezi kulibeba peke yangu."

Wakapanda. Walipofika Kanju Namkunda hakutazama miguu. Alienda hadi chini ya mkulo, akainua uso, akaliacha jicho wazi mpaka likatoa machozi.

"Mmoja," alisema.

Bwana Rweyendera alitazama juu, akauona ufa. Namkunda anasema, na mimi namwamini, kwamba sura yake kwanza ilifurahi, kama mtoto aliyeona kitu. Kisha akakumbuka kazi.

"Mama, kwa nini hukukisema mwanzo?"

"Mmoja huachwa."

"Ulikubali kuhesabu vyote."

"Nilikubali kuhesabu ndege. Kuwakabidhi sikuambiwa."

"Unajua sasa kipanga kimekwishapata habari. Sikiiti mimi, kinakuja chenyewe."

"Kije."

Nyuma yao watu walikuwa wanatandika mikeka kuuzunguka mti. Waliketi migongo ikiwa kwenye shina, waliofuata wakaketi mbele yao, na nje ya hao wengine. Nakijwa hakuketi. Alisimama akaukumbatia mti kwa kifua.

"Mtakaa mpaka lini?" aliuliza bwana Rweyendera.

"Mpaka afungue mwenyewe."

"Hizo ni wiki nyingi. Mashamba yenu?"

"Wengine watalima, wengine watakaa. Watakaolima wataleta chakula."

"Na mtalala lini?"

"Tutalala hapa. Moyo wa aliyelala haudundi?"

Bwana Rweyendera akasema kwa sauti ya chini, isiyo ya ofisini, "Mama Namkunda, mimi natumwa tu."

"Hata shoka hutumwa," alisema Namkunda. "Sikuchukii, bwana. Ningekuchukia ningekuwa nimepumzika. Lakini uliingia kwangu ukanywa uji wangu, ukaniambia penda ndege uwaokoe. Nami nilikuwa nawapenda kabla hujazaliwa, kwa hiyo hukuwa na kazi ngumu. Ulichukua pale palipo rahisi. Ungekuja ukasema nataka majike yenu na msitu wenu na maji yenu, tungekupiga mawe, na ungeondoka ukiwa mtu mkweli."

Bwana Rweyendera alienda akaketi kwenye jiwe mbali kidogo, na watu wanasema aliketi kama mtu aliyeachwa na gari.

Kipanga kilikuja. Kilipiga upepo mpaka mikeka ikainuka pembe na masufuria yakagongana. Misumeno ilifunguka, ikajifunga, ikafunguka. Watoto wakajificha kwenye mapaja ya mama zao. Nakijwa alikuwa amefumba macho, na kila mtu alikuwa anatazama miguu yake. Haikuondoka. Kipanga kilizunguka mti, kikatafuta upande usio na mtu, kikakosa. Kikakaa muda ambao Namkunda hawezi kuukadiria. Mwisho kikapanda juu, kikaenda.

Nakijwa aliteleza chini taratibu mpaka akaketi, akaomba maji.

* * *

Mchana ule ulikuwa wa joto, na watu hawakuwa wamelala vizuri usiku kwa kufunga mizigo. Waliokula walianza kusinzia mmoja baada ya mwingine, vichwa mabegani mwa wenzao. Bwana Rweyendera alikuwa ameshuka kupiga simu zake. Alisema atarudi na wakubwa, na mama mmoja akamwambia waje na mikeka yao.

Dume lilikaa muda mrefu kwenye mkuyu wa ng'ambo likiwatazama. Lilikuja, likaogopa, likarudi. Likaja tena. Lilitua kwenye ufa, likatoa tunda, na ncha ya mdomo ikatoka ikalipokea. Likatoa lingine, na hilo likapokewa. Maganda yakawaangukia watu kichwani, na Nakijwa akayapangusa usingizini.

Walikuwa macho Namkunda na Sengondo peke yao.

"Shemeji," alisema Namkunda kwa kunong'ona.

"Mm."

"Upande wako wa msitu. Ulihesabu vyote?"

Sengondo alikuwa amejilaza, kofia juu ya uso. "Nimezaliwa wapi mimi?"

"Basi wako yuko wapi?"

"Wangu nani?"

"Sengondo."

"Wewe mwanamke una tone jichoni na masikio ya Shirika kichwani, unaniuliza mambo ya watu." Akageukia upande wa pili. "Funga macho ulale."

Namkunda alitaka kucheka, akajizuia asiwaamshe watu. Alisikiliza mpaka mkoromo wa Sengondo ukakaa sawa. Akatazama juu mara moja, kwenye ufa. Kisha akaegemeza kisogo kwenye mkulo, akafunga macho, na pwani hawakuona kitu tena. Akalala.